Mendelssohn na Bahari ya Hebrides

Visiwa vya Hebrides, vilivyotawanyika magharibi ya Uskochi katika bahari ya baridi na ukungu, havikuwa na wageni wengi hata mwaka 1772, Joseph Banks, mtaalamu wa mimea, alipoteremka katika kisiwa kidogo cha Staffa, akaeneza habari za pango lake lenye nguzo za jiwe jeusi la volkano, zilizosimama bega kwa bega kana kwamba zimechongwa na waashi. Pango lile likajulikana kwa jina la Fingal, shujaa wa tenzi alizozitoa James Macpherson akidai kuwa ni za mshairi wa kale, nazo zikasomwa Ulaya nzima kwa shauku. Kisha zikaja merikebu za moshi: ya kwanza ya abiria katika Ulaya, Comet, ilianza kazi katika mto Clyde mwaka 1812, na haikupita miaka mingi watalii wakawa wanakwenda Staffa na kurudi pasipo kungojea pepo.

Miongoni mwa watalii hao, mnamo Agosti 1829, alikuwamo Felix Mendelssohn, mtungaji wa muziki, mzaliwa wa Hamburg, kijana wa miaka 20, akifuatana na sahibu yake Karl Klingemann. Tarehe 7 walifika Tobermory, katika kisiwa cha Mull. Na siku hiyohiyo Mendelssohn, akitaka jamaa zake wa Berlin wafahamu namna mandhari yale yalivyomwathiri, aliwaandikia nota badala ya maelezo, akionyesha na ala zitakazozipiga. Siku ya pili ndipo walipokwenda Staffa, bahari ikiwa imechafuka, na Klingemann akaandika jinsi sahibu yake alivyotaabishwa na kichefuchefu. Basi ni dhahiri kwamba muziki ambao watu aghalabu huuita Pango la Fingal ulianza kabla mtungaji hajalitia pango machoni. Kilichomzalia sauti ile ni bahari yenyewe, na kwa rai yangu jina la Hebrides ndilo linaloustahiki.

Kwani sikiliza unavyoanza: fidla nene na zumari nzito zinatoa kauli fupi inayoteremka, ikarudiwa mara baada ya mara, kila mara juu ya msingi mwingine wa sauti, ilhali fidla nyembamba zimeshikilia sauti moja ndefu isiyotikisika. Hakuna mwimbaji wala maneno, wala hakuna mchezo wa kuigizwa baadaye, ingawa muziki wa namna hii asili yake ni kufungulia mchezo au opera. Msikilizaji hapewi kisa. Hupewa maji, na anga, na dhoruba inayokuja na kuondoka.

Wala asidhani mtu kwamba ilham ya siku moja ilitosha. Kazi ilimalizika mara ya kwanza Roma, Desemba 1830, lakini Mendelssohn hakuridhika; Januari 1832, akiwa Paris, alimlalamikia dada yake Fanny kwa barua kwamba sehemu ya kati inanukia elimu ya utunzi kuliko mafuta ya nyangumi, shakwe na samaki wa chumvi. Akaifanyia marekebisho, ikapigwa London tarehe 14 Mei 1832 katika tamasha la jamii ya Philharmonic, na hata baada ya makofi ya siku ile akaishika tena kuitengeneza, kabla ya kuiruhusu ipigwe chapa. Nastaajabia zaidi subira hii kuliko ule wepesi wa Tobermory, kwa sababu alikuwa na elimu tele, na alichokuwa akikipigania ni kuizuia elimu isiifunike bahari.

Mtungaji Richard Wagner, ambaye hakuwa mtu wa kumpendelea Mendelssohn, alimsifu kwa kazi hii kuwa ni mchoraji mandhari wa daraja la kwanza. Nami namsihi msomaji atakayebahatika kuusikia muziki huu, ambao hauzidi sana dakika kumi, asiache kuusikiliza hadi mwisho, pale dhoruba inapokatika ghafula na zumari zikabaki na ile kauli ya mwanzo, kwa sauti ya chini kabisa.