Kofia ya Gome na Bei ya Haki

Ewe ndugu msomaji, usiidharau kofia ya gome kwa kuwa umezoea ya viua. Huko Mpanda wafuga nyuki hubandua magome ya miti ya miombo wakafanya mizinga, na mti uliobanduliwa aghalabu hufa. Lakini Waganda tangu zamani hubandua gome la mutuba, wakalipiga kwa nyundo za mti likawa nguo, kisha huuviringishia mti majani ya mgomba, ukaota gome jipya. Mwaka 2008 UNESCO iliitia kazi hiyo katika orodha yake ya urithi. Na leo nguo hiyo hushonwa kofia pia.

Basi ukitajiwa bei, hesabu siku za fundi na uhai wa mti. Sura ya Mutaffifin yawaonya wapunjao. Na jasho la fundi nalo ni kipimo.