Kukua Katika Kumpenda Mungu: Tuliyojifunza kwa Ndugu Zetu wa Sikonge

Kurasa zilizotangulia zimehesabu majengo, watumishi na waliobatizwa katika miaka 100 ya usharika wetu. Mimi Kamati ya Jubilei imenipa jambo lisilohesabika, yaani jinsi Mkristo anavyokua katika kumpenda Mungu na kuishi maisha matakatifu. Nimeona vema niwaelekeze Sikonge, kusini mwa Tabora, kwa ndugu zetu Wamoravian.

Nchi ile ilikuwa njia ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu hadi pwani, na katika vumbi lilelile walipita watu waliofungwa minyororo. Kazi ya Injili iliyoanzishwa Urambo na London Missionary Society ilikabidhiwa kwa Wamoravian kati ya mwaka 1897 na 1898, nao baada ya miaka michache wakafungua kituo Sikonge.

Sisi Walutheri tusiwaone kuwa wageni. Zinzendorf, aliyewapokea wakimbizi wa Moravia shambani kwake mwaka 1722, alikuwa Mlutheri. Uamsho wa tarehe 13 Agosti 1727 uliwajia kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Kilutheri la Berthelsdorf, baada ya miezi ya magomvi makali kati yao. Walipatanishwa kwanza, ndipo wakatumwa.

Mwaka uliofuata walianza desturi ya kupeana neno moja la Biblia kwa kila siku, na tangu 1731 likachapishwa kitabuni. Nilipokuwa Makumira nilikaa chumba kimoja na mwanafunzi Mmoravian aliyelelewa Sikonge. Kila alfajiri, kabla ya kunawa uso, alisoma Neno la siku kwa sauti ya chini. Kwa muda mrefu nilidhani ni mazoea tu. Siku moja alipokea habari ya msiba wa baba yake, na kesho yake nilimsikia akisoma kama kawaida, ila polepole zaidi. Tangu siku hiyo sikuyadharau tena mazoea.

Mazoea hayo yalipimwa wakati wa vita. Tabora ilipotwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mnamo Septemba 1916, wamisionari Wajerumani walichukuliwa, na mzigo wa ibada na mafundisho ukawaelemea zaidi walimu na wazee wenyeji. Kutoka katika Kanisa hilo alitokea Teofilo Kisanji, Mtanzania wa kwanza kuwa askofu wa Kimoravian nchini, ambaye jina lake limepewa chuo kikuu kilichoko Mbeya.

Sikonge ilijulikana pia kwa hospitali na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Hapo ndipo ninapouona utakatifu waziwazi kuliko katika mahubiri yetu mengi. Kwa wengi wetu, kuwa mtakatifu kulikuwa kujitenga: usinywe, usivute, usicheze ngoma. Kumfunga vidonda mtu ambaye jamaa zake wanaogopa hata kula naye ni kujitenga kwa namna nyingine kabisa. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, huanza maelezo ya kila amri kwa kumcha na kumpenda Mungu, kisha mara nyingi anatupeleka kwa jirani.

Sisemi kwamba makatazo hayana kazi. Lakini Sikonge ni nchi ya asali na tumbaku. Miti ya miombo hukatwa na kuchomwa katika mabani ya kukaushia majani, na fedha za majani hayo hulipia ada za shule, hununua mabati na hutolewa sadaka ya mavuno. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuhubiri katika sikukuu ya mavuno huko. Mkulima mmoja, ambaye hajavuta sigara maishani mwake, alinifuata nje ya kanisa akaniuliza kama sadaka yake ilikuwa safi. Nilimwomba tuketi chini ya mwembe. Tulizungumza hadi jua likazama, tukaomba pamoja, na mpaka leo tunaandikiana barua juu ya swali hilo.