Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wazee wetu walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Methali hii aghalabu hutajwa katika habari za urithi na karamu. Mimi nataka kukuonyesha, msomaji, kuwa ina nguvu ile ile katika mambo ya viwanda, hasa katika kazi ya kuweka vipimo ambavyo viwanda vyote huvifuata. Kazi hiyo hufanywa kimya kimya na watu waliokaa mezani na karatasi zao, wala hapana anayeipigia ngoma. Lakini matokeo yake hufika mpaka jikoni kwako.

Chukua mfano wa kontena, lile sanduku kubwa la chuma unaloliona juu ya malori katika barabara ya Mombasa. Zamani shehena ilipakiwa melini kipande kwa kipande: magunia ya kahawa, mapipa ya mafuta, makasha ya chai. Kila kitu kilishikwa na mikono ya watu mara nyingi kabla ya kufika kwa mwenyewe, na meli iliweza kukaa gatini siku nyingi ikingoja. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iliyoitwa Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston, nayo imechukua masanduku 58 yaliyopakiwa mazima mazima. Mwenye shauri hilo alikuwa Malcom McLean, mtu aliyepata utajiri wake katika biashara ya malori.

Usidhani kwamba tangu siku hiyo mambo yalinyoka. Kila kampuni ilijikatia kipimo chake. Masanduku ya McLean yakawa na urefu wa futi 35, kwa kuwa ndio uliofaa barabara alizozitumia. Kampuni ya Matson, iliyosafirisha mizigo baina ya California na Hawaii, ilichagua futi 24. Hata namna ya kuyashika na kuyainua ilikuwa mbalimbali. Sanduku la huyu halikukaa katika meli ya yule, wala winchi ya yule haikuweza kuliinua. Uvumbuzi ulikuwa mkubwa, lakini faida yake iliishia mlangoni pa kila kampuni.

Basi watu wakaitana kushauriana. Huko Marekani kamati ilianza kazi mwaka 1958. Mwaka 1961 shauri likachukuliwa na ISO, shirika la mataifa la kuweka viwango, ambalo lilianza mwaka 1947. Wajumbe walibishana sana, kwani kila mmoja alikuja na barabara za kwao, reli za kwao na sheria za kwao. Mwaka 1964 walikubaliana juu ya urefu wa aina nne: futi 10, 20, 30 na 40. Tazama vizuri hesabu hizo. Futi 35 hazimo, na futi 24 hazimo. Makampuni mawili yaliyotangulia kuliko yote yalijikuta yana masanduku yaliyo nje ya kipimo cha ulimwengu. Kutangulia katika kazi ni jambo moja, na kusikilizwa barazani ni jambo jingine.

Palikuwa na jambo la pili, nalo lilikuwa gumu kuliko la kwanza: vile vyuma vya pembeni vyenye matundu, ambavyo kwavyo sanduku huinuliwa na kufungwa. Kampuni ya McLean ilikuwa na haki ya uvumbuzi wa chuma cha namna hiyo, na ingeweza kumtoza kila atakayekitumia. Mwaka 1963 McLean aliiachilia haki hiyo ili kamati iutumie uvumbuzi wake bila malipo. Mtu anayehesabu faida ya leo tu angeliita tendo hilo ujinga. Lakini McLean alijua kuwa sanduku linalopokelewa katika kila bandari lina thamani kupita sanduku linalopokelewa katika bandari za mtu mmoja.

Kamati ilikitengeneza chuma hicho upya, ikakikubali mwaka 1965. Kilipojaribiwa kwa mizigo mizito kikaonekana dhaifu. Mwaka 1967 wahandisi wa nchi mbalimbali walikaa tena, wakakirekebisha na kukiongezea nguvu. Kama watu hao wasingalikutana, huenda udhaifu huo ungaligunduliwa baharini wakati wa dhoruba.

Matunda ya mashauri hayo yapo hapa kwetu. Tangu mwaka 2014 bandari ya Mombasa imekuwa ikipitisha makontena zaidi ya milioni moja kila mwaka, yakihesabiwa kwa kipimo kile kile cha futi 20. Walakini si haki kuficha upande wa pili. Katika bandari nyingi za dunia wachukuzi wengi walipoteza kazi kwa ajili ya sanduku hili. Kamati ilizungumza habari za chuma na uzito; riziki ya wachukuzi haikuwa shauri lake.

Nasi pia tumeonja taabu ya kutokuwapo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901 ilipewa upana wa mita moja, kwa kuwa upana huo ulitumika India, na huko ndiko vilikotoka vyombo na mafundi wengi. Hapana mtu wa nchi hii aliyeulizwa. Wajerumani nao walijenga reli za mita moja katika Tanganyika, lakini kusini mwa Afrika ulienea upana wa milimita 1,067. Kwa hiyo reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, ilifuata upana wa Zambia, na huko Kidatu mizigo haina budi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Reli yetu mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435; shehena ya Uganda ikipelekwa kwa reli hiyo huhamishwa karibu na Naivasha. Kontena, ambalo watu walikubaliana juu yake, ndilo linalopunguza taabu ya reli ambazo hazikupatana.

Labda utasema kuwa nchi ndogo haina sauti mbele ya mataifa makubwa. Ni kweli kwamba sauti zetu si sawa na zao. Lakini mjumbe mmoja anayeijua kazi yake, mwenye vipimo alivyovichukua kwa mkono wake, huweza kusahihisha kosa ambalo wakubwa hawakuliona. Mtu asiyehudhuria hawezi kusahihisha neno.

Kenya ina Shirika lake la Viwango, lililoanza kazi mwaka 1974. Kabla ya kiwango kupitishwa, rasimu yake hutolewa ili watu waisome na kutoa maoni. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki chataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumu ya kuvu isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja. Hizo si hesabu za kitabuni tu. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, na malori yakakwama mipakani. Mkulima, mwenye ghala, msagaji na mama anayepika ugali wote wana neno la kusema juu ya kiwango hicho.

Wewe unayesoma hesabu na sayansi leo, kesho utakuwa fundi, mkulima, mhandisi au mfanyabiashara. Itakapoletwa rasimu ya kazi yako, usiseme kuwa hilo ni shauri la wakubwa. Isome, ipime, kisha uandike unayoyajua. Mkutano ukiitishwa, nenda.