Jiwe Lililopewa Jina Baya

SOMO LA HISTORIA KWA MADARASA YA WATU WAZIMA
Maneno ya somo kama yalivyosomwa katika redio

Wenye karatasi hii mikononi, fuateni maneno kwa kidole. Mwalimu wa darasa, tafadhali weka chaki tayari, kwa maana leo tutafanya hesabu pia.

Mara nyingi tukisema historia, watu hufikiri habari za wafalme na vita. Leo tutasoma historia ya jiwe. Ni jiwe dogo lenye rangi ya chungwa lililoiva. Liliokotwa katika nchi yetu, likadharauliwa, likawekwa kando na kupewa jina la matusi. Baadaye lilipata kuwa kito cha thamani katika nchi za mbali. Jiwe lenyewe halikubadilika hata kidogo. Basi tuulize: ni kitu gani kilichobadilika?

1. GANETI NI NINI?

Jiwe hili ni la ukoo unaoitwa ganeti. Jina hili lilitoka katika neno la Kilatini la tunda la komamanga. Mkivunja komamanga mtaona mbegu nyekundu zinazong'aa, na ganeti nyingi hufanana na mbegu hizo.

Lakini si kila ganeti ni nyekundu. Fikirini chakula chetu. Ugali ni ule ule, ila leo unaliwa kwa mchicha, kesho kwa maharage, kesho kutwa kwa samaki. Ganeti nazo zimejengwa kwa namna moja, lakini madini yaliyomo ndani hutofautiana. Yenye magneziamu huitwa pairopu, nayo kwa kawaida ni nyekundu. Yenye manganizi huitwa spesatini, nayo ni ya rangi ya chungwa. Yenye chokaa huitwa grosula. Grosula ya rangi ya chungwa au ya mdalasini ina jina lake, huitwa hesonaiti.

Tena, ndugu hawa huchanganyika. Jiwe moja laweza kuwa nusu pairopu na nusu spesatini. Shikeni sana neno hili, maana ndiyo siri ya somo letu.

2. HABARI ZA KALE

Watu walipenda ganeti tangu zamani sana. Wayunani na Warumi wa kale walichonga sura za watu katika hesonaiti, wakazitia katika pete. Kisiwa cha Sri Lanka, ambacho zamani mabaharia Waarabu walikiita Serendibu, ni maarufu kwa hesonaiti mpaka leo, na huko huitwa jiwe la mdalasini. Wahindu huiita gomedi, nao wanaihesabu katika vito vyao tisa vitakatifu.

Spesatini ilipewa jina lake katika karne ya 19. Jina hilo ni la milima ya Spessart, huko Ujerumani. Kwa miaka mingi spesatini safi za kufaa pete zilikuwa chache. Kwa hiyo mnunuzi wa vito, hata yule wa Ulaya, alizoea ganeti nyekundu, naye alipoona ya rangi ya chungwa alidhani ni hesonaiti au spesatini. Hakuwa na jina la tatu.

3. BONDE LA MTO UMBA

Sasa turudi nyumbani. Mto Umba unatoka katika milima ya Usambara. Unapita nchi kavu ya kaskazini ya mkoa wa Tanga, karibu na mpaka, kisha unaingia Kenya na kumwaga maji baharini karibu na Vanga. Miamba ya sehemu hizi ni ya kale mno. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita nchi kavu kubwa zilisukumana, na joto na uzito vikapika mawe chini ya ardhi. Ukanda wa miamba hiyo unapita Kenya, Tanzania na Msumbiji, na Madagaska pia ina miamba ya ndugu zake. Ndiyo maana vito vinapatikana katika nchi zote hizo.

Katika miaka ya 1960 watu walianza kuchimba vito katika bonde la Umba. Walipata yakuti za rangi nyingi. Walitafuta pia ganeti yenye rangi ya waridi, inayoitwa rodolaiti, kwa sababu hiyo ilikuwa na wanunuzi. Katika kuchekecha changarawe, yakatokea mawe mengine. Yalikuwa na rangi ya chungwa, mengine yakielekea wekundu, mengine rangi ya asali, mengine rangi ya pichi.

Mawe haya yalikuwa mazuri kwa macho, lakini wanunuzi waliyakataa. Haikuwa rodolaiti waliyoitaka. Walipoyapima kama spesatini, vipimo havikulingana. Walipoyapima kama hesonaiti, vipimo havikulingana tena. Basi yakatengwa upande. Jiwe lisilo na jina sokoni halina bei, na mtu aliyevunjika mgongo kulichimba hapati kitu.

4. JINA

Watu wa machimbo na wa biashara wakaliita jiwe hili malaya. Vitabu vya vito vya Ulaya na Marekani vinaeleza kwamba neno hilo ni la Kiswahili na maana yake ni "asiye na ukoo" au "aliyefukuzwa nyumbani". Ninyi msemao Kiswahili mnajua kwamba vitabu hivyo vimelifunika neno kwa kitambaa. Ni tusi, na mara nyingi ni tusi la kumtupia mwanamke. Jiwe lilitukanwa kwa sababu halikukaa katika kundi lililotakiwa.

Linganisheni na mawe mengine mawili ya miaka ile ile. Mwaka 1967 jiwe la buluu liligunduliwa Mirerani, karibu na Arusha. Duka kubwa la vito la New York, liitwalo Tiffany, likaliita tanzanaiti, yaani jiwe la Tanzania. Mwaka huo huo wa 1967 mtaalamu Campbell Bridges alipata ganeti ya kijani katika Tanzania, na baadaye akaipata Kenya pia. Mwaka 1974 duka lile lile liliitangaza kwa jina la tsavoraiti, kwa ajili ya mbuga ya Tsavo. Mawe hayo mawili yalipata majina ya heshima, na jina la heshima lilisaidia kuleta wanunuzi. Lile la Umba lilibaki na tusi lake.

5. JIWE LAPIMWA

Mwisho wataalamu walilichunguza jiwe la Umba katika maabara. Waliona kwamba halikuwa spesatini mbovu wala hesonaiti mbovu. Lilikuwa mchanganyiko wa pairopu na spesatini. Kumbe lilikuwa na ukoo, tena koo mbili!

Tuone jinsi uzito unavyoweza kusema jambo hili. Mwalimu, andika ubaoni. Tunalinganisha uzito wa jiwe na uzito wa maji yanayojaza nafasi ile ile:

Hesonaiti ni nzito kuliko maji karibu mara 3.6.
Jiwe la Umba ni zito karibu mara 3.8.
Spesatini ni nzito zaidi ya mara 4.1.
Kioo cha chupa ni kizito karibu mara 2.5 tu.

Njia ya kupima ni ya zamani. Msingi wake uligunduliwa na Myunani Archimedes, aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo. Pima jiwe hewani. Kisha lifunge kwa uzi mwembamba, lining'inize katika maji, ulipime tena. Majini litakuwa jepesi zaidi. Toa uzito wa pili katika uzito wa kwanza. Kisha gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti hiyo.

Mfano: Hewani jiwe lina gramu 7.6. Majini lina gramu 5.6. Tofauti ni gramu 2. Gawanya 7.6 kwa 2, unapata 3.8. Rangi ni ya spesatini, lakini uzito uko karibu na wa pairopu nyekundu. Mnaona sasa kwa nini wanunuzi wa kwanza walichanganyikiwa?

Mwishoni mwa miaka ya 1970 jiwe la Umba lilianza kupendwa Ulaya na Marekani. Jina halikubadilishwa, ila wengine huandika "malaia" ili lisikike vizuri. Mawe ya ukoo huu yamepatikana pia Kenya na Madagaska.

Spesatini nazo zikaongezeka. Mwaka 1991 zilipatikana kaskazini-magharibi ya Namibia, karibu na mto Kunene, zenye rangi kali ya chungwa, zikaitwa ganeti za mandarini, yaani za chenza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikapatikana Nigeria. Mwaka 2007 zikapatikana Loliondo, kaskazini ya Tanzania. Leo ganeti ya rangi ya chungwa ni kito kinachotafutwa.

6. MKONONI MWA MNUNUZI

Tuseme basi, ndugu mwanafunzi, kwamba unataka kununua au kuuza ganeti ambayo haijatiwa katika pete wala mkufu. Historia tuliyosoma inakufundisha nini?

Kwanza, usinunue jina. Muuzaji akisema "mandarini", anataja bei kuliko kutaja jiwe. Muulize: ni spesatini, hesonaiti, au ya Umba? Ikiwa ni kito cha fedha nyingi, kipeleke kwa mtaalamu akipime kabla hujatoa senti.

Pili, litazame jiwe kwa mwanga wa jua, kisha kwa taa. Mengi ya mawe ya Umba huonekana mekundu zaidi kwa mwanga wa taa. Anayeuziwa usiku chini ya taa hajaona jiwe lote.

Tatu, litazame ndani kwa kioo cha kukuzia. Hesonaiti mara nyingi huonekana ndani kama sukari inayoyeyuka katika maji ya moto, yenye mawimbi. Ukiona mapovu ya mviringo, shuku kwamba ni kioo cha kawaida. Tanzanaiti nyingi hupashwa moto ili rangi ya buluu itoke, lakini ganeti kwa kawaida hazipashwi. Rangi unayoiona ndiyo iliyotoka ardhini.

Nne, jua vipimo. Kito hupimwa kwa karati. Jina hili linatokana na mbegu za mti wa karobu, zilizotumiwa zamani kama mawe ya mizani. Zamani karati ya mji huu haikuwa sawa na ya mji ule. Mwaka 1907 mkutano wa vipimo wa mataifa ulikubali karati moja, yaani sehemu ya tano ya gramu. Kwa hiyo gramu 1 ni karati 5. Jiwe letu la gramu 7.6 ni karati 38.

Sikieni hatari yake. Tuseme, kwa mfano tu, mnunuzi anasema, "Nitakupa shilingi 10,000." Hukuuliza ni kwa gramu au kwa karati. Ikiwa ni kwa gramu, jiwe la gramu 2 litakupa shilingi 20,000. Ikiwa ni kwa karati, litakupa shilingi 100,000. Shilingi 80,000 zinapotea kwa neno moja lisiloulizwa. Lakini kumbukeni pia haki ya mnunuzi: jiwe ghafi likikatwa na kusuguliwa hupoteza mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake, kwa hiyo karati ya jiwe ghafi haiwezi kuwa na bei ya karati ya jiwe lililokatwa.

Tano, fuata sheria. Katika Tanzania, mfanyabiashara wa vito na dalali wake sharti wawe na leseni. Tangu mwaka 2019 kumefunguliwa masoko ya madini mikoani, ambako mawe hupimwa na mauzo huandikwa. Dai risiti, uisome mwenyewe: uzito, aina ya jiwe, bei na jina la muuzaji. Kama uzito umeandikwa kwa gramu na bei kwa karati, fanya hesabu kabla ya kutia sahihi.

Sasa turudie swali letu la kwanza: ni kitu gani kilichobadilika? Si jiwe, bali ni maarifa ya watu waliolishika. Waliolitenga katika bonde la Umba hawakuwa wajinga. Vipimo walivyokuwa navyo havikuwa na nafasi ya jiwe kama lile. Aliyelipima upya ndiye aliyefaidika. Ninyi mnaojifunza leo kusoma mizani na risiti mnaweza kuwa watu hao.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ghafi: kitu ambacho hakijatengenezwa.
Karati: kipimo cha vito; karati 5 ni gramu 1.
Maabara: chumba cha wataalamu cha kupimia na kuchunguza vitu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wanunuzi wa kwanza walikataa mawe ya rangi ya chungwa ya Umba?
2. Jiwe lina gramu 8.2 hewani na gramu 6.2 majini. Ni zito mara ngapi kuliko maji? Je, laweza kuwa spesatini?
3. Gramu 3 ni karati ngapi?
4. Je, kuna kitu katika kijiji chenu kinachodharauliwa kwa sababu ya jina lake tu? Zungumzeni.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.