Vuguvugu

Neno vuguvugu, ambalo watu wa siasa wameliazima kwa ajili ya harakati zao hata likakaribia kusahauliwa asili yake, aghalabu husemwa juu ya maji yasiyo baridi wala moto, nalo lastahiki kurejeshwa kwa wafugaji wa samaki wa mapambo wa Nairobi na Arusha, ambao usiku wa Julai ukiwabana huuliza wanunue hita gani, ilhali swali la awali ni uvuguvugu wa kiasi gani wautakao. Wengi wa samaki wa nchi za joto huridhika na nyuzi 24 hadi 26 za Sentigredi, na kadiri ya wati 1 kwa kila lita yatosha katika nyumba nyingi.

Wako wasemao "kuchemsha maji ya samaki", nami nikisikia hivyo hukumbuka mchuzi. Lifaalo ni kupasha, kitenzi kilichozaliwa na pata: kuyafanya maji yapate moto, basi.

Hita ya kuzamishwa aghalabu huwa ya kioo, na kioo kilichopata moto mkali nje ya maji, kikirudishwa majini, hupasuka. Kwa hiyo huchomolewa plagi, ikangojwa nusu saa hivi, ndipo hita ikatolewa au maji yakapunguzwa. Waya nao uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone liangukie sakafuni lisiufuate umeme. Wala kitaa cha hita kisiaminiwe bila kipimajoto, kwani kitaa husema tu kwamba hita inawaka, hakisemi kama maji yamekuwa vuguvugu.