Jembe na Kitabu: Shauri Lililotoka Marekani Likafika Kwetu

Katika mkutano wa wazazi kijijini kwetu, hapa Ugogo, baba mmoja alisimama akauliza swali. Alikuwa amesikia ya kwamba tangu mwaka 2024 elimu ya sekondari ina njia mbili, yaani mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na ya kuwa katika mkondo wa amali mtoto hufundishwa kazi, kama ujenzi na kilimo, pamoja na masomo mengine. Akasema, "Mwalimu, mimi nimeuza mbuzi ili mwanangu apate sare na madaftari. Jembe alilijua kabla hajajua kusoma. Je, mwataka kumrudishia jembe lile lile?" Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Nikamjibu, "Baba, swali lako ni kubwa kuliko mkutano huu. Nipe muda nilifikiri." Haya niandikayo ndiyo majibu yangu.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa swali hili si geni. Lilikuwako kabla yetu, wala halikuzaliwa hapa. Lilianza mbali sana, katika nchi ya Marekani, kati ya watu weusi waliotoka utumwani. Na mwaka 1924 lililetwa kwetu kwa meli.

Katika majimbo mengi ya kusini ya Marekani, zamani za utumwa, ilikuwa ni marufuku kwa sheria kumfundisha mtumwa kusoma. Mabwana walijua ya kwamba asomaye huandika, na aandikaye hujiandikia cheti cha njia akaenda zake. Hata vita vilipokwisha mwaka 1865 na watumwa wakawekwa huru, watu walimiminika shuleni, babu na mjukuu wakikaa katika benchi moja. Kwao kitabu hakikuwa pambo, bali alama ya uhuru, maana ndicho walichokatazwa. Jembe hawakukatazwa kamwe.

Mwaka 1868 Jenerali Samuel Armstrong alianzisha shule ya Hampton, katika jimbo la Virginia, ili vijana weusi wajifunze kazi za mikono pamoja na masomo, kisha wawe waalimu wa wenzao. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1856. Yeye naye alifungua shule yake mwaka 1881, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama. Wanafunzi walijenga madarasa yao kwa mikono yao wenyewe. Walipojaribu kuchoma matofali, tanuri liliharibika mara tatu; Washington akaweka saa yake rehani kwa dola 15 ili wajaribu mara ya nne, ndipo wakafaulu. Sisi tuchomao matofali twaijua kazi hiyo na hasara yake. Tena mwaka 1896 alifika hapo mtaalamu George Washington Carver, aliyewafundisha wakulima kupanda karanga na kunde ili udongo uliochoshwa na pamba upate nguvu tena.

Mwaka 1895, katika mji wa Atlanta, Washington alihutubia mkutano mkubwa. Shauri lake lilikuwa kwamba watu weusi waanze chini, katika kazi za mikono na mali, wasitangulize madai ya kuwa sawa na wazungu. Matajiri wengi wakapendezwa, wakatoa fedha. Lakini mtu mweusi mwingine, W. E. B. Du Bois, aliyekuwa amepata udaktari wa chuo kikuu cha Harvard mwaka ule ule wa 1895, alimpinga katika kitabu alichokitoa mwaka 1903. Du Bois hakuidharau kazi ya mikono. Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: kama hatuna vyuo vikuu, waalimu wa shule hizo za kazi watatoka wapi? Maana hata Tuskegee ilifundishwa na watu waliotoka vyuoni. La pili: mtu asiye na haki ya kupiga kura atailindaje nyumba aliyoijenga?

Wote wawili walikuwa na haki katika sehemu yao. Lakini tuangalie jambo moja: serikali za majimbo ya kusini zilikuwa zikimpa mtoto mweusi fedha kidogo sana kuliko mtoto mzungu, na shule zao zilitengwa kwa sheria mpaka mahakama kuu ya nchi ilipokata shauri mwaka 1954 ya kwamba utengano huo haufai. Basi hofu ya Du Bois ilikuwa hii: elimu ya mikono, iliyo njema yenyewe, yaweza kutumiwa na watu wengine kuwa kufuli ya mlango.

Sasa tuone jinsi shauri hilo lilivyofika kwetu. Mwaka 1911 ulianzishwa huko New York mfuko wa Phelps-Stokes, kwa fedha za urithi wa bibi mmoja tajiri, ili kusaidia elimu ya watu weusi. Mkuu wa kazi zake za elimu alikuwa Thomas Jesse Jones, aliyekuwa amefundisha Hampton. Mwaka 1924 tume ya mfuko huo, naye Jones akiiongoza, ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, Nyasaland na nchi nyingine. Kati yao alikuwamo Mwafrika mmoja tu, Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliyekwenda Marekani mwaka 1898 akasoma akawa mwalimu wa chuo.

Ripoti yao ilitoka mwaka 1925. Ilisema ya kuwa shule ya Mwafrika ilingane na maisha ya kijiji: afya, kilimo, matengenezo ya nyumba na michezo mizuri. Mwaka ule ule serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa elimu kwa makoloni yake ya Afrika wenye mawazo yaliyo karibu na hayo. Tena mwaka 1925 ilifunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, iliyopewa jina la Anna Jeanes, bibi wa Philadelphia aliyetoa mali yake kwa shule za watu weusi wa mashambani. Waalimu walikwenda Kabete pamoja na wake zao, wakajifunza mambo ya kijiji kisha wakarudi kuzisaidia shule za kwao. Na katika nchi yetu, huko Malangali katika Iringa, mzungu mmoja, W. B. Mumford, alijaribu shule iliyofuata desturi za kabila: wazee waliitwa kufundisha mila, na ngoma zikawa sehemu ya masomo.

Mambo haya hayakuwa mabaya yote. Mtoto kujua maji safi na choo safi ni faida kubwa, na mila za wazee si za kutupwa. Lakini tuwafikirie wazee wetu wa Ugogo wa mwaka 1924. Walikuwa wametoka karibuni katika Mtunya, ile njaa kuu ya mwaka 1917 hata 1920, baada ya majeshi ya vita kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Watu hao hawakuhitaji mgeni wa kuwaambia ya kuwa jembe ni kitu cha maana. Walichokosa ni kuisoma barua ya serikali, kuihesabu kodi yao, na kusema neno likasikiwa mahali mashauri yanapokatwa. Tena katika ile tume alikuwamo Aggrey mwenyewe. Ripoti ilinena habari za jembe, lakini Aggrey aliposimama mbele za watu, walimwona Mwafrika aliyesoma akaketi pamoja na wazungu katika shauri moja. Si ajabu watu wakitamani kile walichokiona kuliko kile walichoandikiwa.

Baada ya uhuru swali lilirudi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Alisema ya kuwa watoto wengi hawatafika sekondari, basi elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, na kila shule iwe na shamba au kazi yake, wala msomi asimdharau mkulima. Jembe lilikuwa lile lile, lakini mkono ulioshika mpini ulikuwa mwingine: sasa tulikuwa tukijiamulia wenyewe. Nia ilikuwa njema. Utekelezaji wake, mahali pengi, ulikuwa jambo jingine.

Mimi mwenyewe nilisoma katika shule moja ambayo sitaitaja. Aliyechelewa asubuhi alipewa jembe. Aliyekosa hesabu alipewa jembe. Aliyefaulu alibaki kivulini na kitabu chake. Hakuna aliyetuambia mbegu za mtama zipandwe kwa nafasi gani, wala mavuno yalikwenda wapi. Basi sisi watoto tulijifunza somo moja sawasawa, yaani kwamba jembe ni adhabu. Naona haya kusema ya kuwa nami, katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nilifanya vivyo hivyo, maana ndivyo nilivyolelewa. Tukiwafundisha watoto kwa njia hiyo, tusishangae wakikimbilia mjini na kuyaacha mashamba.

Sasa namjibu yule baba. Baba, usikatae amali kwa sababu ya jina lake, wala usiikubali kwa sababu ya jina lake. Nenda shuleni ukaulize mambo manne. Je, mwanangu atapewa kitabu pamoja na chombo cha kazi, au chombo peke yake? Je, mwalimu wa kazi hiyo yupo, na karakana ina vifaa, au ni jembe tu na jua la mchana? Je, akimaliza, mlango wa kuendelea mbele uko wazi kwake? Na la nne ndilo zito: je, watoto wa wakubwa nao wamo katika njia hiyo, au ni watoto wetu tu? Ukijibiwa vema katika hayo yote, mwache mtoto achague, nawe umbariki. Usipojibiwa vema, rudi kwenye mkutano useme, nasi waalimu tutasimama pamoja nawe.

Msidhani ya kwamba mlango huo ni ndoto. Dodoma, mahali palipokuwa na shule ya Mazengo, tangu mwaka 2007 pana Chuo Kikuu cha St. John's, na mwaka huo huo kilianza Chuo Kikuu cha Dodoma. Watoto wa wachunga ng'ombe huketi huko. Wengine husomea kilimo na ufundi, wala hakuna awacheke, kwa kuwa wamechagua wenyewe.

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Ni kweli shambani, maana mvua ikinyesha hupati nafasi ya kuchagua mpini. Lakini shuleni mambo ni kinyume chake: aliyelazimishwa jembe hawi mkulima, na aliyenyimwa jembe hawi msomi kamili. Kuna watu Marekani waliochoma matofali wakajenga shule, na ndani ya shule hizo wakasoma vitabu. Sisi nasi twachoma matofali. Kazi iliyobaki ni kuangalia kinachofundishwa ndani ya kuta tunazozijenga.