Miguu Baridi kwa Mwenye Kisukari: Usiseme Haraka Kuwa ni Uzee

Mzee mwenye kisukari akisema miguu yake inamuingia baridi, mara nyingi huletewa soksi na kuambiwa kuwa huo ndio uzee. Huenda kweli ni kiyoyozi tu. Lakini huenda pia ni damu isiyofika vizuri miguuni, na mtu anaweza kupoteza mguu kwa jambo hilo ikiwa halikugunduliwa mapema.

Suala hili linatuhusu sana sisi tunaoishi Ghuba. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa katika Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini mtu mzima 1 katika kila 6 anaishi na kisukari, kiwango kikubwa kuliko eneo jengine lolote duniani.

Damu huzuilika vipi

Mishipa ya ateri ndiyo inayotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu utando laini ulio ndani ya mishipa hiyo. Mafuta ya kolesteroli hujijenga hapo, ukuta wa mshipa unakuwa mnene na mgumu, na njia ya damu inazidi kuwa nyembamba. Sigara, shisha, presha ya juu na maradhi ya figo huharakisha mambo. Kwa wenye kisukari, mishipa inayoziba zaidi ni ile iliyo chini ya goti. Mikono huathirika mara chache.

Mshipa ulioziba mguuni ni onyo pia kwa moyo na ubongo, kwa sababu mishipa ya huko imepitia sukari ile ile. Kwa hiyo anayegunduliwa tatizo la mguu hutazamwa pia hali ya moyo wake.

Kutokuwa na maumivu si dalili ya uzima

Kwa kawaida, mshipa ukiwa mwembamba mtu huumwa na shavu la mguu akitembea, na maumivu hutulia akisimama dakika chache. Hali ikizidi, huumwa hata akilala usiku, akapata nafuu akiuning'iniza mguu nje ya kitanda.

Lakini kisukari huharibu pia mishipa ya fahamu. Mguu ukishakufa ganzi, mtu anaweza kukosa damu ya kutosha bila ya kuumwa na chochote. Hata mguu wenye joto si hakikisho, kwani uharibifu wa mishipa ya fahamu unaweza kuufanya uhisi vuguvugu ilhali damu haifiki vidoleni.

Hapo ndipo hatari mbili zinapokutana: ganzi inamzuia mtu kuhisi jeraha, na upungufu wa damu unazuia jeraha kupona. Madaktari wameeleza juu ya mahujaji wenye kisukari walioungua nyayo kwa kutembea pekupeku juu ya ardhi yenye joto kali bila kuhisi. Nchini Tanzania, madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasigundue mpaka asubuhi.

Dalili za kuangalia

- Mguu mmoja kuwa baridi kuliko mwengine.
- Ngozi ya muundi kung'aa, kuwa nyembamba na kupoteza vinyweleo.
- Kucha kukua polepole au kuwa nene.
- Mguu kupauka ukiinuliwa juu, kisha kuwa mwekundu uliokoza ukiteremshwa. Kwa ngozi nyeusi, tazama zaidi unyayo na chini ya kucha.
- Kidonda, hata kidogo, kisichoonesha kupona.

Bibi anayependa kupaka hina nyayoni aangaliwe vizuri kabla ya kupaka, kwani rangi ya hina huficha mabadiliko ya ngozi.

Vipimo

Mwenye kisukari anapaswa kuangaliwa miguu na mtaalamu angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi ikiwa ana ganzi au aliwahi kupata kidonda. Mtaalamu hutafuta mapigo ya damu sehemu mbili: juu ya mguu, na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Ikiwa kwenye miadi soksi hazikuvuliwa, mwanafamilia aombe zivuliwe. Si utovu wa adabu.

Kipimo kinachofuata ni kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Hakina sindano wala maumivu. Presha ya mguu hugawanywa kwa ya mkono. Jibu kati ya 1.00 na 1.40 ni la kawaida. Chini ya au sawa na 0.90 maana yake mshipa umepungua njia. Jibu likizidi 1.40 familia nyingi hufurahi, nalo si jema: mishipa imekuwa migumu kwa chokaa kiasi cha kutobinyika, jambo la kawaida kwa wenye kisukari. Hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu, au hutumika picha za mishipa.

Tiba ipo

Msingi ni kuacha tumbaku ya kila aina na kudhibiti sukari na presha. Daktari huongeza dawa za statini za kupunguza kolesteroli na, kwa wengi, dawa ya kuzuia damu kuganda kama vile aspirini. Asiye na kidonda hushauriwa kutembea kwa mpango: atembee mpaka maumivu yaanze, apumzike, aendelee, dakika 30 hadi 45, mara 3 kwa wiki. Mwenye kidonda unyayoni asifanye hivyo bila ya idhini ya daktari.

Mshipa ulioziba sana unaweza kufunguliwa kwa mrija mwembamba wenye kipira, au damu ikapitishiwa njia mpya kwa upasuaji. Tiba ya mrija ilianza mguuni kabla ya kufika moyoni. Mwaka 1964, huko Portland, Marekani, Dk. Charles Dotter aliufungua mshipa wa bibi wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu. Mguu ukapona, na bibi akaishi nao mpaka alipofariki miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo familia ikiambiwa kuwa hapana budi kukata, ni haki yao kuuliza kwanza: je, mishipa imepigwa picha, na daktari wa mishipa amemuona mgonjwa?

Kazi ya nyumbani

Udhu ni nafasi nzuri ya kuchunguza miguu kila siku. Baada ya kuosha, kausha baina ya vidole kwa kitambaa laini, kisha tazama unyayo. Asiyeweza kuinama atumie kioo, au mjukuu amtazamie.

Asitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa viatu, aingize mkono ndani kuhakikisha hamna kijiwe. Maji ya kuoshea yajaribiwe kwa mkono wa mtu mwengine asiye na ganzi. Mguu baridi usiwekewe chupa ya maji ya moto, wala hita, wala usisuguliwe mafuta makali. Sugu zisikatwe kwa wembe, na hijama ya mguuni isifanywe bila ya kumuuliza daktari.

Mzee anayesafiri kwenda Unguja au Mombasa achukue viatu alivyokwisha kuvizoea. Safari si wakati wa kujaribu vipya.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo

- Mguu umekuwa baridi ghafla, umepauka, unauma au haukunjuki. Hapa saa zinahesabika.
- Kidole kimegeuka cheusi au cha buluu.
- Kidonda kinatoa usaha au harufu, au wekundu unapanda juu.
- Kuna homa pamoja na kidonda cha mguu.

Wazee wetu wengi huficha kidonda kwa kuchelea kuwasumbua watoto. Basi usimuulize mzee kama anaumwa, kwa sababu jibu lake linaweza kuwa la kweli na bado likakupoteza. Mvue soksi, umtazame miguu.